Oili Nzito Haifufui Injini Kuukuu

Kuanzia gareji za Makutano mjini Meru hadi vibanda vya spea vya Embu, kauli moja imegeuka sheria: injini ikizeeka, itie oili nzito. Mwenye Peugeot 504, mwenye pikapu ya Datsun 1200 na mwenye trekta la Massey Ferguson 135 kule Timau, wote huambiwa neno lile lile. "Mzee, hii imechoka, tia namba 40." Moshi ukizidi, wanapandishwa hadi 20W-50. Fundi husema hivyo kwa uhakika, mwenye gari hulipa kwa imani, na kamshafti inaendelea kulika.

Injini nilizozitaja zina tapeti bapa. Kamshafti inapozunguka, nundu zake huzisukuma tapeti, nazo tapeti huinua fito za kufungulia valvu. Kati ya nundu na tapeti hakuna kigurudumu. Ni chuma juu ya chuma. Tena zinagusana mahali padogo mno, kwa sababu uso wa tapeti umetuna kidogo na nundu imechongwa kwa mteremko, ili tapeti izunguke isisuguliwe upande mmoja. Nguvu yote ya springi ya valvu hukalia hapo padogo. Kwa mbano huo utando wa oili hukatika, iwe nzito, iwe nyepesi.

Kinachookoa chuma wakati huo ni kemikali ya zinki na fosforasi, inayojulikana kwa herufi ZDDP, ambayo imekuwa ikitiwa kwenye oili tangu miaka ya 1940. Joto na mbano vikizidi, kemikali hiyo huacha ganda jembamba juu ya chuma, na ganda ndilo huliwa badala ya nundu. Oili iliyopungukiwa nayo haitakinga tapeti hata ikiwa nzito kama asali.

Ndiyo maana nasema tunanunua kwa kutazama upande usiofaa wa kopo. Tarakimu kubwa za mbele hueleza unene tu. Habari ya kinga imo katika herufi ndogo za nyuma, baada ya neno API. Herufi S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata huonyesha kizazi cha oili. SA haina kiongezo chochote. SC haifai kwa injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya 1967, SF baada ya 1988. Sasa Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968. Anayeimiminia oili ya SC, eti kwa kuwa ni namba 40 na bei yake ni nafuu, anaipa oili iliyopitwa na wakati kabla gari lenyewe halijazaliwa.

Wajuzi watanirukia hapa: si oili za kisasa ndizo zilizopunguzwa zinki? Ni kweli zimepunguzwa, kwa sababu fosforasi huharibu kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi za magari mapya. Daraja la SM, lililoanza mwaka 2004, liliweka kikomo cha asilimia 0.08. Lakini kikomo hicho kinazibana oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30. Hakiigusi 15W-40. Oili za dizeli za daraja la CI-4, lililoanza mwaka 2002, nazo hazikuwekewa kikomo hicho, na makopo mengi ya aina hiyo huandikwa CI-4/SL, yaani yanafaa dizeli na petroli. Dawa ya Datsun ya babu basi imo katika duka lile lile linalouzia malori oili.

Na mpenzi wa namba 40 hapotezi kitu akihamia 15W-40. Injini ikishapata moto, oili hizo mbili ziko katika kiwango kimoja cha unene. Zinaachana asubuhi. Timau iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai trekta hulala kwenye baridi kali. Ukiliwasha likiwa na namba 40 tupu, oili hujikokota huku vyuma vikisagana. Mshale wa presha utapanda, na dereva atafurahi, asijue kwamba presha ile inapima ugumu wa oili kupita, wala si wingi wa oili iliyofika.

Nakubali jambo moja. Beringi zikilegea na ringi zikilika, oili nzito kidogo hupunguza mgongano na moshi. Katika joto la Mbeere, 20W-50 yenye herufi nzuri si dhambi. Ila hiyo ni nafuu ya beringi na ringi. Tapeti haipati chochote humo, na ugonjwa unabaki pale pale. Madalali wa magari wanalijua hili kuliko mafundi: gari linalokaribia kuuzwa hutiwa oili nzito ili linyamaze hadi mnunuzi atoke nalo. Dawa ya kumfumba macho mnunuzi haiwezi kuwa dawa ya kutunza gari lako mwenyewe.

Sheria hii ya oili nzito ina ubaya mwingine: inayaweka magari yote kuukuu kapu moja. Land Rover za Series zenye injini ya lita 2.25, ambazo vilima vya Nyambene vinazijua vizuri, zina vigurudumu kwenye tapeti zake. Shida yao si ile ya 504. Halafu sheria hiyo hiyo humfuata kijana mwenye Probox ya kubebea muguka, akatiwa 20W-50 ilhali mtengenezaji ameagiza oili nyepesi.

Wakati huohuo, kosa linaloua tapeti bapa kweli halizungumzwi. Kamshafti mpya ikifungwa, injini huachwa ingurume polepole "izoee". Kamshafti ya injini hizi hupata sehemu kubwa ya oili yake kwa kurushiwa na kranki, na kranki ikizunguka polepole hairushi vya kutosha. Inatakiwa ikimbizwe kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa dakika 20 hadi 30 za mwanzo. Na kamshafti mpya ifungwe na tapeti mpya. Zile za zamani zikitumika tena na kamshafti yake, kila moja irudi kwenye nundu yake. Fundi asiyefanya hivyo amekwisha kuimaliza injini siku ya kwanza, halafu atakuuzia oili nzito ya kufunika kazi yake.

Kwa hiyo mwenye 504 au Datsun, geuza kopo usome herufi kabla ya kuuliza bei. Chukua 15W-40 ya CI-4/SL, ibadilishe pamoja na chujio kwa wakati wake, na fundi akikuambia "tia nzito", mwulize ina herufi gani. Akikosa jibu, usilipie ushauri huo.