Yee Mbili, Sura Moja

Chuoni maalim hakumhurumia mtoto aliyekosea nukta. Nukta moja, akisema, na neno limekuwa jingine. Siku hizi intaneti imenikumbusha maneno yake.

Mwezi wa Mei 2010, Misri, Saudia na Falme za Kiarabu zilipata anwani za intaneti kwa herufi za Kiarabu. Tulifurahi, na ilistahili. Lakini iko taabu. Yee ya Kiarabu na yee ya Kiajemi zikiwa katikati ya neno huwa na sura moja, nukta mbili chini. Jina lenyewe la Saudia lina yee hiyo. Jicho halizitenganishi, ila kompyuta hutazama namba, na kila moja ina yake: 064A na 06CC. Basi majina mawili yasomwayo sawasawa yaweza kufungua milango miwili, mmoja wa duka la kweli, wa pili wa mwizi.

Wako wasemao mnunuzi akae macho. Akae macho vipi, na tofauti haionekani? Wengine wasema zitumike herufi za Kiarabu tupu. Je, Muirani na Mpakistani wasiandike majina yao?

Kwa maoni yangu, dhamana ni ya msajili wa majina, maana yeye ndiye azionaye namba. Majina ya sura moja ampe mtu mmoja yote mawili, au la pili alifunge, asipewe yeyote.

Nasi wa pwani, ambao wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi hizo wakaongeza za p na ch, tupatane juu ya herufi zetu kabla ya kuomba majina.