Unasema na Nani? Kauli Yangu Juu ya Majarida Mapya ya Waingereza

Vijana wawili niliowafundisha Kiswahili zamani walinijia nyumbani wakiwa na rasimu ya jarida la mashairi wanalokusudia kulianzisha. Walinitaka niwaandikie dibaji. Jalada lilikuwa limekwisha kuchorwa, tena kwa rangi za kupendeza, safu zilikuwa zimepangwa, na katika ukurasa wa maelezo walisema wameiga majarida ya Uingereza kwa kuwa ndiko jarida lilikozaliwa. Dibaji sikuiandika. Sababu yangu naieleza hapa, maana nadhani inatuhusu wengi tunaotunga.

Kwanza hilo la kuzaliwa. Neno wanalolitumia Waingereza, magazine, asili yake ni Kiarabu: makhzan, yaani ghala, wingi wake makhazin. Lilipita katika Kiitaliano na Kifaransa kabla ya kufika London. Sisi mzizi huohuo tumeupokea kutoka kwa Waarabu wenyewe, na ndio uliotupa hazina na mhazini. Aliyelipa chapisho la kila mwezi jina la ghala ni Edward Cave, alipoanzisha The Gentleman's Magazine mwaka 1731. Samuel Johnson, aliyepata kumwandikia Cave, alilitaja jarida hilo katika kamusi yake ya mwaka 1755 kuwa ndilo chimbuko la maana hiyo mpya.

Hata hivyo, kinachonivutia kwa Cave ni lakabu yake zaidi ya ghala lake. Alihariri kwa jina la Sylvanus Urban. Sylvanus, kwa Kilatini, ni wa mwituni. Urban ni wa mjini. Malenga wanaojua thamani ya lakabu watamwelewa mara moja: mtu huyu, kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, amekwisha kukuambia kwamba anasema na bwana aliyeko shamba na bwana aliyeko mjini, wote wawili kwa pamoja.

Waliomfuata walishika njia hiyohiyo. Mwaka 1852 Samuel Beeton alizindua The Englishwoman's Domestic Magazine, jarida la mwanamke Mwingereza wa nyumbani, kwa bei ya peni mbili. Mkewe, Isabella, aliandika humo habari za mapishi na utunzaji wa nyumba, nazo zikaja kuwa kitabu mashuhuri mwaka 1861. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1858, Mwana Kupona alikuwa akimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Hawa wawili hawakujuana, na sitaki kuwalinganisha kwa kimo. Nasema tu kwamba kila mmoja alijua ni nani aliyeketi mbele yake. Mwana Kupona hakuwa na mtambo wa chapa wala wakala wa mauzo. Alikuwa na binti mmoja, na kwa kusema na huyo mmoja amesikika hadi leo.

Baadaye majina ya majarida ya Uingereza yakafupika, yakaacha kutaja cheo cha msomaji na kuanza kumwita. Hello! lilianza mwaka 1988, likiwa mtoto wa ¡Hola! la Hispania lililoanzishwa mwaka 1944. Jina zima ni salamu. (Jaribuni kulifanya hilo kwa Kiswahili. Ukiliita jarida Hujambo, msomaji atakujibu sijambo, kisha atasubiri umuulize habari za nyumbani. Ukiliita Shikamoo, patazuka ugomvi juu ya nani ni mkubwa wa nani.)

Lakini salamu peke yake haitoshi, na mfano ninaoupenda ni wa Heat. Kampuni ya Emap ililizindua mwaka 1999 kama jarida la burudani la kila wiki kwa watu wote, wanaume kwa wanawake. Halikuuzika. Fedha zilikuwapo, wahariri wenye uzoefu walikuwapo, matangazo yalikuwapo, na bado lilikaribia kufungwa. Mwaka uliofuata liligeuza sauti, likawa la umbea wa watu mashuhuri, likisema na wanawake vijana kama shoga anavyosema na shoga yake barazani. Katika miaka michache likawa linauza zaidi ya nakala nusu milioni kwa wiki. Mimi umbea siupendi, wala siwasihi vijana wangu wauandike. Ninachotaka wakione ni kwamba kampuni ni ileile na jina ni lilelile; aliyebadilika ni mtu anayeambiwa.

Wapo watakaoniambia: basi chagua kundi lako, mpe linachokitaka, umemaliza. La hasha. Mwezi Januari 2004 yalizinduliwa majarida mawili ya kila wiki kwa vijana wa kiume, Nuts na Zoo. Msomaji wao walimjua vizuri: umri wake, timu zake, mizaha yake. Lakini walimdhania kuwa ni macho matupu. Walimjazia picha za wasichana waliovaa kidogo, na picha hizo zilipopatikana bure katika intaneti, hapakubaki neno la kumrudisha dukani. Nuts lilifungwa mwaka 2014, Zoo mwaka 2015. Kumjua mtu ni jambo moja, kumheshimu ni jingine.

Kwa hiyo nalitazama kwa jicho la upendo The Oldie, pengine kwa sababu ya mvi zangu. Richard Ingrams alilianzisha mwaka 1992, wakati wachapishaji wengi wakiwakimbilia vijana. Wengine walidhani ni mzaha. Mwanzoni lilitoka kila baada ya wiki mbili, mambo yakawa magumu, likawa la kila mwezi, na lingali hai. Jina lake limenisumbua sana kulitafsiri. Mzee lina heshima kupita kiasi, kikongwe lina kejeli. Ingrams alichukua neno la utani ambalo rafiki humwambia rafiki wa rika lake, na katika neno hilo moja sauti ya jarida lote imekwisha kupatikana.

Nami sisemi haya kama mtu asiye na doa. Nikiwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu karibuni, nilianzisha gazeti la ukutani shuleni. Nilijigamba kwamba ni la wanafunzi. Kumbe kila sentensi niliiandika nikimfikiria mkaguzi atakayepita korido ile. Methali zilikuwa sahihi, vina vilitimia, na baada ya matoleo matatu karatasi zilibaki ukutani hadi zikageuka rangi. Sikumwona mwanafunzi hata mmoja amesimama kuzisoma.

Ndiyo maana rasimu ya vijana wangu niliirudisha bila dibaji. Niliwaambia waandike tahariri ya toleo la kwanza kama barua kwa mtu mmoja wanayemjua: anaishi wapi, amesoma hadi wapi, ni shairi gani la mwisho alilolisikia akalirudia kwa sauti, na je, ana pesa ya kununua toleo la pili. Mmoja alicheka. Mwingine alinyamaza, akauliza kama mtu huyo anaweza kuwa nyanya yake, ambaye anajua tenzi kwa moyo lakini hasomi herufi za Kilatini. Nikamwambia anaweza, ila hapo jalada lenu itabidi mlichore upya.

Barua hiyo bado naingoja.