KRA, mtupokelee simu usiku pia

Wasee wa Huruma, Juni 30 ndio siku ya mwisho ya kufaili ritani. Ukiwa na PIN, hata kama huna kazi, unafaili ile ya sufuri. Ukichelewa, faini inaanzia shilingi 2,000.

Sasa fikiria binamu yako yuko Minneapolis. Mwezi huo sisi tuko mbele yake kwa saa nane. Ofisi hapa Eldoret ikifungua saa mbili asubuhi, kwake ni saa sita usiku. Ikifunga saa kumi na moja jioni, kwake ni saa tatu asubuhi, ashaingia shifti.

Utasema iTax iko wazi usiku na mchana. Sawa. Lakini wengi wetu PIN tulitengenezewa saiba, kwa imeili ya jamaa wa saiba. Ukisahau paswadi, inatumwa kwake. Hapo unahitaji mtu wa kuongea naye, si mtandao.

Na si majira peke yake. Dada aliye Riyadh ana saa sawa na zetu kabisa, ila simu anaishika bosi akishalala. Hata msee wa boda hapa mtaani mchana anasaka abiria.

Ombi langu ni dogo: mwezi wa Juni, laini ya usiku. Ama uache namba na saa inayokufaa, wakupigie wao.

Mwaka 2024 watu wetu wa majuu walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4. Hizo tulizipokea saa yoyote. Simu zao je?