KIFARU KILIPOGOMA KUFYATUA

Vigogo wakikutishia jeshi, wakumbushe Ureno. Udikteta wa kule ulidumu miaka 48, na tangu 1961 ukawapeleka vijana kufia Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Aprili 25, 1974 makapteni wakachoka. Kapteni Salgueiro Maia akatoka Santarém na magari ya deraya mpaka Lisbon. Brigedia mmoja akaamuru vifaru vimlipue. Askari wakagoma! Wananchi wakachomeka maua kwenye mitutu ya bunduki za G3. Makachero (jamii hii haikosekani popote) wakafyatua risasi, wakaua watu wanne. Jioni hiyo hiyo Waziri Mkuu Caetano akasalimu amri. Aprili 25, 1975 Wareno wakapanga foleni kuchagua Bunge la Katiba.