Siku moja inayomzeesha mtoto

Mama mmoja wa Manyoni huweka tarehe za kliniki za wanawe wawili kwenye Excel ya simu. Juzi aliniuliza: mkubwa kazaliwa Machi 10, 2020, mbona simu ilisema ametimiza miaka mitano Machi 9, 2025?

Tarehe hakukosea. Fomula yake inahesabu siku tangu kuzaliwa, kisha inagawa kwa 365. Mwaka 2024 ulikuwa mrefu, ulikuwa na Februari 29, na siku hiyo moja ndiyo iliyomzeesha mtoto. Si utani: vituo vya serikali hutibu bila malipo walio chini ya miaka mitano, na Machi 9 bado alikuwa mmoja wao.

Kugawa kwa 365.25 hakusaidii. Machi 10 yenyewe ingemwonyesha bado ana minne!

Kama tarehe ya kuzaliwa iko A2, andika =DATEDIF(A2,TODAY(),"Y") upate miaka; ukitaka miezi, weka "M". Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 18, hivyo andika =EDATE(A2,18). Jibu likija kama namba ndefu, badilisha seli iwe ya tarehe.

Mdogo wake kazaliwa Februari 29, 2024. Chanjo hiyo inaangukia Agosti 29, 2025. Mama alitaka kumwandika Machi 1 ili asisumbue fomula. Hapana, mama, andika ya kwenye kadi. EDATE ya miezi 12 inajileta yenyewe Februari 28, 2025.

Keki walishakata Machi 1, na mtoto hakulalamika.