Saratani ya damu kwa watoto: dawa zipo, je, nauli ya boti?

Mtoto wa Salale akipata homa, kinachofikiriwa kwanza ni malaria, na mara nyingi ndiyo yenyewe. Lakini ipo homa inayorudi dozi ikishaisha. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mtoto anapauka, fizi zinatoka damu, miguu inamuuma mpaka anakataa kutembea. Hapo kinatakiwa kipimo cha picha nzima ya damu, kile ambacho wauguzi hukiita FBP. Kinaweza kuonyesha dalili za ALL, saratani ya damu inayokuja kwa kasi, ambayo duniani ndiyo inayowapata watoto kuliko saratani nyingine yoyote.

Msikilizaji, ugonjwa huu unatibika. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wanapona. Katika nchi nyingi maskini, Shirika la Afya Duniani linasema wanaopona saratani za utotoni kwa jumla hawafiki 30 kati ya 100. Na dawa kuu si ngeni: prednisoloni, vinkristini, asparaginasi, methotreksati na merkaptopurini zimetumika kwa miaka mingi. Vinkristini hutokana na mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi au meupe, ambao siku hizi unaota hata kwenye nyua za pwani. (Usiuchemshe ukamnywesha mtoto; ni sumu, na kipimo chake hakijulikani.)

Kwa mtoto wa Kibiti, matibabu yako Dar es Salaam. Zamani watoto walipelekwa Ocean Road. Baadaye huduma yao ikahamia Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha linasaidia ili mzazi asilipie matibabu. Kwa hiyo bei ya dawa siyo ukuta mkubwa kama wengi wanavyodhani.

Ukuta ni muda. Mwezi wa kwanza ni wa wodini: vidonge, dripu, na sindano ya mgongoni. Wazazi wengi huiogopa hiyo ya mgongoni wakidhani inapoozesha, kumbe inapeleka dawa kwenye ubongo, mahali ambapo dawa nyingi za kawaida hazifiki vizuri. Mwezi ukiisha, watoto wengi huwa hawaonekani tena na ugonjwa. Wanacheza, wanakula. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu chembe za saratani zilizobaki hazionekani, na dawa zikiachwa ugonjwa hurudi ukiwa mgumu zaidi. Matibabu yote huchukua miaka miwili hadi mitatu, sehemu kubwa ikiwa vidonge vya kumeza nyumbani na kurudi kliniki mara kwa mara.

Sasa pima hilo kwa mtu wa delta. Kusubiri maji yajae, boti hadi Nyamisati, gari hadi Bungu, kisha barabara ya Kilwa hadi mjini. Mafuriko kama ya Aprili 2024 yakija, hata hiyo haipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, na ni hatua kubwa, lakini kadi ya bima haimlipi mwenye boti, wala haimlimii mama shamba la mpunga akiwa wodini. Kwa maoni yetu, halmashauri ikitenga fungu la nauli kwa watoto hawa, ambao ni wachache, itaokoa maisha kuliko bango lolote la uhamasishaji.

Jambo moja halisubiri bajeti. Dawa hizi hushusha kinga ya mwili. Mtoto aliye kwenye matibabu akifikisha joto la 38, hata kama anacheza, usimpe panadoli ukangoja asubuhi. Pigia wodi yake simu palepale, mpeleke kituo cha karibu aanzishiwe dawa ya bakteria kwa sindano, na mwonyeshe mhudumu kadi yake ya kliniki kabla hajamwandikia dawa ya malaria.