Divai Nyeupe Wakati wa Jua Kali

Mama mmoja, mke wa askari, ametuuliza swali ambalo huenda likawafaa wengi katika miezi hii ya jua. Mumewe amerejea likizo na chupa mbili za divai nyeupe, ambayo watu wa mjini huiita waini. Jumapili shemeji zake watakuja kula chakula cha mchana, naye hajapata kuwaandalia wageni kinywaji hicho. Tena shemeji mmoja ni dereva wa polisi, na jioni hiyo ataingia kazini. Afanyeje?

Jambo la kwanza ni baridi. Hapa Kampala, mwezi wa Januari na Februari, joto la mchana hufika nyuzi 28 na kuzidi. Divai iliyokaa kabatini katika joto hilo hunuka kileo tu, na ladha ya zabibu hupotea. Kiasi kinachofaa ni nyuzi 8 hadi 10. Mwenye friji na aiweke chupa humo saa tatu kabla ya chakula. Asiye na friji na anunue barafu, aitie ndooni pamoja na maji na konzi ya chumvi, kisha aizamishe chupa kwa muda wa nusu saa. Maji yasisahauliwe, kwani ndiyo yanayoizunguka chupa pande zote. Pasipo barafu, chupa ivikwe kitambaa kilicholowa maji, iwekwe kivulini penye upepo. Haitakuwa baridi sana, lakini itapungua joto.

Kwa wale ambao bado hawajanunua, divai nyingi madukani mwetu hutoka Afrika Kusini. Jirani zetu wa Tanzania nao huitengeneza Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Divai nyeupe ya bei ya kawaida haifai kuwekwa miaka mingi. Chagua iliyotengenezwa karibuni. Tazama kifuniko kiwe kizima na stempu ya kodi iwepo. Chupa iliyoanikwa juani dirishani mwa duka, iache hapo hapo.

Isiyo na utamu hupatana na samaki ngege wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu. Yenye utamu kidogo hufaa zaidi pamoja na pilau au chakula chenye pilipili. Luwombo ya kuku hupokea zote mbili. Bilauri isijazwe; mimina chini ya nusu, kisha uirudishe chupa kwenye baridi.

Sasa tumrudie shemeji dereva. Yafaa kila nyumba ielewe hesabu hii. Chupa ya divai ya mililita 750, yenye kileo cha asilimia 12, ina kileo sawa na chupa 3 na nusu hivi za bia ya nusu lita yenye asilimia 5. Kwa sababu divai ni baridi na laini kooni, mtu hudhani amekunywa kidogo. Mwili nao hauna haraka: bilauri moja ndogo huchukua saa moja na zaidi kuondoka. Wala kahawa wala kuoga maji baridi hakuharakishi jambo hilo.

Kwa hiyo mwenye zamu jioni, awe dereva au mshika bunduki, asimiminiwe hata kidogo. Lakini asikalishwe pembeni na kikombe cha maji kama mtoto aliyeadhibiwa. Mwandalie mubisi, yaani maji matamu ya ndizi, uliokamuliwa siku ile ile na kuwekwa katika baridi ile ile. Mletee kwa bilauri iliyo sawa na za wenziwe, na wakati mmoja nao. Angalia tu usiwe mubisi wa jana, kwani ukilala nje huanza kuchacha, nao huwa pombe kama nyingine.

Mama mwenye nyumba asione haya kulisema jambo hili mbele ya mumewe na shemeji zake. Heshima ya mgeni si kumnywesha. Ni kumrudisha salama kwa watoto wake, na kazini kwake akiwa na akili timamu. Jumapili njema, mama, na wasalimie shemeji zako.